Tulimwambia Chebet Aruke Nyumba Zetu

Macharia ndiye aliyeleta neno, lakini aliyesema sawa ni mimi.

Tulikuwa ndani ya stoo ya mbegu, tumeketi juu ya magunia tukichambua waru, viazi vyetu vya huku, za kupanda, magoti yakigusana. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya baridi. Macharia ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima na rafiki yangu tangu ujana. Alisema bila kuinua macho kutoka kwa waru aliyoshika:

"Mzee, huyu Chebet ameanza kubeba makohozi ya watu kupeleka kupimwa. Mwambie aruke nyumba zetu mpaka tuuze."

Chebet ni mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chetu, huku juu ya Molo. Siku za soko huuza nguo za mitumba, na siku nyingine huvaa mkoba wake mgongoni na kuingia boma moja baada ya jingine, kupima watoto, kuuliza nani mgonjwa, nani mjamzito, nani hajaonekana kliniki. Mimi ni mzee wa nyumba kumi. Kwetu mgeni mwenye maswali haingii bomani kabla mzee wa nyumba kumi hajamwitikia. Hatukuanza hivyo kwa kiburi. Tumeishi miaka ya mapigano ya makabila, ambayo swali la langoni lilikuwa la hatari, na desturi ikabaki hata hatari ilipoondoka.

Mnunuzi wa kiwanda cha krispi alikuwa ametuahidi kuja kuona mashamba. Macharia aliogopa kwamba mtu mmoja akipatikana na TB, gari la hospitali litasimama langoni, na kabla ya jioni Molo nzima itajua kwamba waru za upande wetu ni waru za TB.

"Nani atakula krispi ya TB?" akauliza, na stoo nzima ikacheka.

Nilicheka pia. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha mpaka niliposhika nguzo ya stoo kwa mikono miwili. Mtu akasema, "Pole, mzee. Hiyo dawa ya waru itatumaliza." Nikapangusa mdomo, nikasema, "Sawa. Nitamwambia aruke."

Ili uelewe kwa nini hakuna aliyeshtuka, lazima nikueleze jambo letu. Sisi tunaolima waru tunapuliza dawa mvua ikinyesha na hata isiponyesha, kwa sababu ugonjwa wa majani ukiingia shambani siku chache zinatosha kukuachia mashina meusi. Pampu inakaa mgongoni, dawa inarudi usoni na upepo, na wote tunakohoa. Tukitoka shambani tunakunywa maziwa ya moto, kikombe kikubwa, kusafisha kifua. Baba yangu alifanya hivyo, na mimi nilifanya hivyo. Nilimaliza kidato cha nne, nilisoma biolojia, na bado niliamini kwamba kikohozi cha mkulima wa waru ni cha dawa na tiba yake iko kwenye kiwele cha ng'ombe.

Chebet alikuja wiki hiyohiyo. Nilimkuta langoni kabla hajabisha.

"Mama, huku kwetu watu wako sawa," nikamwambia. "Pitia kwingine kwanza."

"Kwanza mpaka lini?"

"Nitakwambia."

"Na hiyo kifua yako, mzee? Iko sawa pia?"

"Hii ni ya dawa ya waru."

"Hata baba yetu alisema yake ni ya dawa," akajibu, "na hakuwa na shamba. Alikuwa anauza viatu."

Alicheka. Mimi sikucheka. Mjukuu wangu Shiku alikuwa ameshika suruali yangu kwa nyuma, akichungulia. Alikuwa hajafika miaka minne. Chebet aliinama akamwangalia.

"Huyu ndiye nilikuwa nimekuja kuona. Watoto wa umri huu ndio wanachukuliwa na hii kitu haraka. Nikubalie nimwangalie tu, halafu niende."

"Tutakuita," nikasema, nikafunga lango.

Shiku ni mtoto wa binti yetu Njeri. Njeri hufunga maua katika shamba moja karibu na Ndabibi, na nyumba za wafanyakazi huko si mahali pa kulea mtoto mdogo, kwa hivyo alituachia. Mtoto ana jina la mke wangu. Mama Njeri, mke wangu, huamka mapema kukamua, na Shiku, akihisi baridi ya upande wa nyanya yake, alikuwa anajisukuma mpaka mgongoni kwangu. Tulilala hivyo msimu mzima wa kupanda. Nilikuwa nikikohoa, na yeye alikuwa pale.

Mvua ya masika ilipokolea, mwili wangu ulianza kuniaga kidogokidogo. Mshipi ulifika tundu la mwisho, nikatoboa jingine kwa msumari, kisha nikaacha mshipi nikafunga suruali kwa kamba ya katani. Gambuti zilizokuwa zikinibana zikawa zinabaki kwenye tope nikiinua mguu. Fulana niliyolala nayo kavu niliamka nayo imelowa chapa. Nilinunua dawa za chupa kwa muuza dawa wa sokoni, zile tamu za rangi ya chungwa, na nilikunywa maziwa mengi hivi kwamba Mama Njeri aliniuliza kama ndama naye atapewa maji.

Waru zilipotoa maua, nilikuwa shambani na pampu. Nilikohoa, kitu cha moto kikapanda kooni, na damu ikaanguka juu ya jani. Ilikuwa nyekundu sana kwenye kijani kile. Nilisimama nikaitazama. Kisha nikapuliza dawa juu yake, nikaendelea na mstari.

Sikumwambia mtu. Lakini anayefua nguo zangu si mimi.

Mama Njeri aliona leso yangu yenye damu. Hakunigombeza, na hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili siku hizo. Alikwenda kwenye chama chao cha kanisani kama kawaida, akamnong'oneza mwenzake mmoja. Mwenzake huyo ana meza ya vitunguu sokoni karibu na meza ya mitumba ya Chebet. Hivyo ndivyo habari yangu ilivyosafiri, kutoka leso mpaka vitunguu mpaka mitumba, ikipita chini ya pua ya mzee wa nyumba kumi ambaye eti hakuna kitu kinachompita.

Asubuhi moja nilikuwa mbele ya zizi nikasikia majani ya waru yakichakarika. Chebet alitokea katikati ya shamba langu, sketi imelowa mpaka magotini, mkoba kichwani.

"Unakanyaga waru zangu!" nikamfokea.

"Uliniambia nisipite langoni, mzee. Nimepita langoni?"

"Nani amekuita?"

"Mimi," akasema Mama Njeri, aliyekuwa amesimama na ndoo. "Mimi ndiye nimemwita, Baba Njeri. Na kama hutakohoa kwa hicho kikopo chake, leo hulali kwa hii nyumba. Utalala na ng'ombe. Nao wakikataa, shauri yako."

Nilichukua kikopo, nikaenda nyuma ya zizi. Nilikuwa na aibu kama kijana aliyekamatwa akiiba. Ndipo nilipoona Chebet akimtazama Mama Njeri na wote wawili wakifunika midomo kwa kucheka, nikajua nimeshindwa, na kushindwa kule ndiko kulikoniokoa.

Majibu yalikuja kwa simu ya Chebet. Ilikuwa TB. Alinipeleka Molo mwenyewe, akaketi nami.

Kliniki ya TB iko nyuma ya majengo mengine. Unangojea nje, chini ya paa la mabati lisilo na kuta, ili upepo upite. Wanasema upepo ni mzuri kwa wengine, lakini kwa aliyebaki mifupa upepo wa Molo ni kisu. Kila mtu ana maski na kila mtu anatazama chini. Niliketi pale nikijiona mimi mzee wa kanisa nimetupwa kati ya waliotupwa. Karibu nami alikuwa mfugaji kutoka upande wa Mau, mrefu, blanketi mabegani.

"Mara ya kwanza?" akauliza.

"Ndiyo."

"Inua kichwa basi. Hapa ndio mahali pekee mjini hakuna mtu ameniuliza mimi ni wa upande gani. Wanauliza tu kama nimemeza."

Nilicheka ndani ya maski. Tangu siku ile nikienda kuchukua dawa nilimtafuta kwanza yeye, na tulikaa pamoja tukibishana kuhusu ng'ombe. Nakwambia wewe unayeogopa benchi lile: benchi lile halina ubaya. Walioko pale wanapona. Wanaozikwa wengi ni wale wasiofika.

Dawa zenyewe nitasema machache. Mkojo hugeuka mwekundu kama chai ya rangi, usiogope. Viungo huuma. Katika wiki za kwanza harufu ya vitunguu vikikaangwa ilinifukuza jikoni, kisha njaa ikaja kwa fujo, nikawa nakula waru za kuchemsha zikiwa bado zinatoa moshi. Mama Njeri alisimama mbele yangu kila asubuhi mpaka nifungue mdomo aone nimemeza. Sikuwahi kuangaliwa mdomo hivyo tangu nilipokuwa mtoto.

Mambo yangu yangeishia hapo, ningekuwa mzee aliyepona, na hiki ninachoandika kingekuwa hadithi ya kuchekesha.

Siku chache baada ya kuanza dawa, Chebet alirudi kupima wote wa nyumbani. Safari hii alipita langoni. Shiku alikuwa amelala kwenye kiti akiwa na sweta mbili. Alikuwa na siku kadhaa za kutapika, na sisi tulikuwa tumempa dawa ya minyoo. Alikuwa amekuwa mkali, mtoto mcheshi yule, anasukuma mkono wa anayemgusa. Chebet alimwinua, akajaribu kumwinamisha kichwa kifuani, na shingo ikakataa. Shiku alilia kilio chembamba ambacho sikuwahi kumsikia akilia.

Sijawahi kumwona Chebet bila mzaha isipokuwa siku hiyo.

"Mama Njeri, chukua shuka. Tunaenda sasa hivi."

Alianza kupiga simu huku anatembea. Alimpigia mhudumu mwenzake aliye mjini, naye akampigia muuguzi anayemjua. Dereva wa pikapu ya maziwa alikuwa ndiyo anapakia mitungi kwenye njia panda, na Chebet akasimama mbele ya gari lake. Dereva alianza kusema kuhusu maziwa kuharibika. Alipoona mtoto, alishusha mitungi barabarani kwa mikono yake. Tulipofika Molo muuguzi alikuwa amesimama nje anatungoja, na gari la wagonjwa la kutupeleka Nakuru lilikuwa limewashwa. Nilikuwa nimezoea kufikiri serikali ni ofisi yenye dirisha dogo. Siku hiyo niliona ni watu wanaojuana, mmoja anamwamsha mwingine, na kwamba mnyororo ule wote ulikuwepo tangu zamani. Mimi ndiye niliyekuwa nimeukata langoni kwangu.

Ugonjwa wangu ulikuwa umeingia kwenye utando wa ubongo wa mtoto. Daktari wa Nakuru alisema hivyo na mimi sitaongeza. Alisema pia jambo jingine, kwa upole, bila kujua anamwambia nani: kwamba mtoto mdogo anayeishi na mtu mwenye TB huwa anapewa dawa za kumkinga mapema, mara tu mtu huyo akijulikana.

Mara tu akijulikana.

Mimi sikuruhusiwa wodini, kwa sababu dawa zangu zilikuwa bado changa na ningeweza kuambukiza. Mama Njeri alikaa ndani na mtoto. Mimi nilikaa nje kwenye uwanja, kando ya ua, na maski yangu. Askari wa lango aliniuliza mara moja, "Mzee, unangoja nani?" Nikamwambia. Kesho yake nilikuta kiti cha plastiki mahali nilipozoea kusimama. Hakuwahi kusema ni yeye aliyekiweka.

Nakuru si mbali na kwetu, lakini hatukuwa na mtu pale. Chebet alikuwa na watu. Mhudumu wa mtaa mmoja wa Nakuru, ambaye hatukuwahi kumwona, alitupatia chumba cha nyuma kwake ili nilale peke yangu madirisha wazi. Wenzake walipokezana kuleta chupa ya uji asubuhi. Mmoja wao alimpeleka Mama Njeri kwa afisa wa ustawi wa jamii pale hospitalini, mwanamke mchangamfu aliyetueleza nini bima inalipa na nini tunaweza kuomba, mambo ambayo kama tungeachwa wenyewe tusingejua hata kuuliza. Niliwauliza wale wanawake kwa nini wanafanya hivi kwa watu wasiowajua. Mmoja akanijibu, "Kesho watu wangu watalala kwa Chebet. Na nasikia kwenu kuna waru."

Njeri alifika kutoka Ndabibi akiwa bado na koti la kazini, majani ya waridi yamenasa kwenye mfuko. Aliingia wodini akatoka. Alinikuta uani nimeketi kwenye benchi, akaketi mwisho wake kabisa.

"Baba, Mama ameniambia ulimfukuza daktari wa kijiji langoni."

"Sikumfukuza. Nilimwambia aruke."

"Kuna tofauti?"

Nilifikiri. "Hakuna."

"Sababu ya waru."

"Ndiyo."

"Nilikuachia mtoto kwa sababu huko kuna hewa safi na maziwa," akasema. "Watu kazini waliniambia niko na bahati. Kila jioni nilikuwa nasema, angalau Shiku yuko mahali pazuri."

Hakupandisha sauti. Heri angepandisha. Niliposema pole, alisema, "Hiyo weka, Baba. Utanipa siku nyingine, leo sina mahali pa kuiweka," akarudi ndani.

Shiku alifungua macho vizuri baada ya wiki kadhaa. Alikunywa uji. Alimshika nyanya yake pua. Mama Njeri alikuja uani mbio kuniambia na tulishikana mikono kama wachumba. Kisha siku moja alikuja akitembea polepole. Sinia ya chuma ilikuwa imeanguka sakafuni wodini, mlio mkubwa, watoto wote wakaruka na kulia. Shiku alikuwa akitazama dirishani.

"Hakugeuka," akasema Mama Njeri. "Nimegonga mlango. Nimemwita. Baba Njeri, hageuki."

Madaktari walisema tungoje. Dawa za mtoto ni za muda mrefu kuliko za mtu mzima, ubongo umevimba, wakati mwingine kusikia hurudi. Watampima tena dawa zikiisha. Tukashika neno hilo, wakati mwingine, tukarudi nalo nyumbani.

Nilirudi wakati wa baridi ya katikati ya mwaka, ukungu umelala mashambani. Mnunuzi wa krispi alikuwa amekuja na kwenda. Alipasua waru kwa kisu, akaangalia ndani, akanunua. Hakuuliza kifua cha mtu yeyote.

Kanisani nilikuta kiti changu kimesogezwa peke yake karibu na mlango. Wakati huo dawa zilikuwa zimeshanitoa kwenye kuambukiza, na Chebet alikuwa amewaeleza hivyo. Nilikiinua kiti nikakirudisha kwenye safu ya wazee, nikaketi. Jumapili iliyofuata kilikuwa mlangoni tena. Nilikirudisha tena. Tuliendelea hivyo, mimi na mtu nisiyemjua, mpaka yeye akachoka. Mimi sikuchoka. Nilikuwa nimepata kilo zangu.

Chifu alipoita baraza, nilisimama kabla hajamaliza salamu.

"Mimi nilikuwa na TB," nikasema. "Ninameza dawa na ninapona. Mjukuu wangu ameipata kutoka kwangu. Mhudumu wa afya alikuja kumwangalia mapema, na mimi, mzee wenu wa nyumba kumi, nilimfungia lango. Leo ninalifungua. Nyumba zote kumi. Chebet ataingia kila moja na mimi nikiwa naye."

"Mzee, kaa chini," Macharia akasema kwa sauti ya chini. "Unatuaibisha."

"Nimekaa chini msimu mzima, Macharia. Angalia nilichofanya nikiwa nimekaa."

Alivaa kofia akaondoka. Wengine wawili watatu wakamfuata. Waliobaki walitazama viatu vyao, lakini walibaki.

Tulizunguka mimi na Chebet. Kwenye njia panda vijana wa pikipiki walinipigia kelele, "TB inapita! Fungeni pua!" Nikasimama mbele yao.

"Ndiyo ni mimi. Mimi nameza dawa. Wewe unayekohoa na sigara mdomoni unameza nini?"

"Ah, mzee, ni jokes tu."

"Basi njoo ucheke kwenye kikopo."

Wenzake walimcheka yeye, na akaja. Hakuwa na kitu. Lakini siku hiyo vijana wote wa pale walikohoa kwa zamu kwa ajili ya kushindana, na Chebet aliishiwa vikopo. Kuna nyumba zilizotufungia. Tulirudi. Kuna mama aliyetumwagia maji ya kuoshea vyombo, akasema hakutuona. Tulirudi kwake pia, na safari hiyo alitupa chai. Tulipata wagonjwa, si wengi, na watoto wao wakaanza kinga siku ileile.

Macharia alikuja mwenyewe, asubuhi ya ukungu, akapitia shambani. Alikuwa amekonda.

"Ulikohoa wapi wewe?" akauliza.

"Nyuma ya zizi."

"Nipe hicho kikopo basi. Na usiangalie."

Sasa naye amepona. Hatujaongea kuhusu siku ile ya stoo. Hajaniomba msamaha na sijamdai. Kila mtu ana mdomo wake, na uliosema sawa ulikuwa wangu. Stoo ya mbegu siku hizi inafunguliwa madirisha, na anayelalamika baridi anaambiwa avae koti.

Tulipokuwa tunangoja kipimo cha Shiku, Chebet hakukaa kungoja. Alijua mama mmoja wa Elburgon mwenye mtoto kiziwi, anayefundisha lugha ya ishara kwenye chumba cha kanisa siku za Jumamosi. Nilimwambia Chebet ni mapema mno, mtoto atasikia. Akaniambia, "Mzee, akisikia, atakuwa anajua lugha mbili. Akikosa kusikia, atakuwa na moja. Usipompeleka, hana hata moja." Nilikuwa nimeshajifunza bei ya kumjibu.

Kwa hivyo nilikwenda. Vidole vyangu vimelima miaka mingi na havikunjiki nipendavyo. Mwalimu alisema ishara zangu zina lafudhi. Shiku alizishika haraka kama kuku anavyookota nafaka, na akawa ananinyoosha vidole, amekasirika, anapiga mkono wangu nikikosea. Njeri aliacha kazi ya maua akarudi nyumbani. Anajifunza pia. Wakati mwingine wananisengenya mezani kwa mikono, mama na mtoto, kwa kasi ambayo siwezi kufuata. Najua ni mimi kwa sababu wananitazama wakicheka.

Mimi nilimaliza dawa zangu waru za msimu wa pili zikivunwa. Shiku alimaliza zake tulipokuwa tunapanda tena. Tulikwenda Nakuru sote wanne kwa kipimo. Nilikuwa naruhusiwa ndani sasa. Walimweka Shiku kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, wakamvalisha vyombo masikioni, na sisi tukatazama kwa kioo. Yeye alitazama taa za mashine, akanipungia mkono. Yule dada aliyekuwa akipima alibonyeza, akangoja, akaongeza, akangoja, mpaka akafika mwisho wa mashine yake.

Alitoka akatueleza vizuri, akitutazama usoni. Hakukuwa na cha kungoja tena. Kutoka pale afisa wa ustawi alitupeleka moja kwa moja kwenye dawati la kumwandikisha Shiku kama mtoto mwenye ulemavu, na mama wa Elburgon alikuwa ameshazungumza na shule inayofundisha kwa ishara. Ana nafasi. Atasoma, na atakayemzuia atanikuta njiani.

Wewe unayesoma hiki ukiwa unakohoa, au una mtu anayekohoa, una sababu yako nzuri ya kungoja mpaka muuze, mpaka mvuno, mpaka harusi ipite. Mimi pia nilikuwa nayo. Mfungulie mhudumu lango leo. Watakaokucheka watacheka, na hawataumwa kwa niaba yako.

Mimi nimepona kabisa. Waru ziliuzwa. Njeri hupika, ananiandalia chakula, na hajawahi kuniambia amenisamehe. Mjukuu wangu Shiku ni kiziwi wa masikio yote mawili, na hatasikia tena maisha yake yote, kwa sababu nilikubali Chebet aruke nyumba yangu.